Kafeini Nyingi Mwilini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Sinywi kahawa, kafeini hainihusu." Anayesema hivyo mara nyingi ana kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu mkononi. Kafeini, kemikali inayomfanya mtu achangamke, imo pia kwenye chai, kakao, soda za kola na baadhi ya vidonge vya kutuliza maumivu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa mwongozo mwaka 2015: mtu mzima mwenye afya njema asizidishe miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mkupuo. Kuhesabu vikombe hakutoshi, maana kahawa ya aina ya robusta ina karibu mara mbili ya kafeini ya aina ya arabika.

"Hata nikinywa jioni, nalala fofofo." Hii ndiyo inayowaponza wengi. Kafeini haikupi nguvu yoyote. Kadiri unavyokaa macho, ubongo hukusanya adenosini, kemikali inayoleta usingizi. Kafeini hukalia nafasi za adenosini kwenye ubongo, ukadhani uchovu umeisha kumbe umefichwa tu. Nusu ya kafeini uliyokunywa huchukua takriban saa tano kutoka mwilini. Ukinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu bado inazunguka, na usingizi mzito hupungua hata usipokumbuka kuamka. Asubuhi unaamka mchovu, unaongeza kikombe. Miili nayo haifanani: mvuta sigara huiondoa haraka, anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango hukaa nayo zaidi, na kwa mjamzito anayekaribia kujifungua nusu hiyo inaweza kuchukua hata saa 15. Ndiyo maana mwongozo huohuo wa Ulaya unamtaka mjamzito asivuke miligramu 200 kwa siku.

"Kahawa nzito huondoa ulevi." Haiondoi. Ini husaga pombe kwa mwendo wake lenyewe. Mlevi anabaki mlevi, ila sasa yuko macho na anajiona yuko sawa kushika usukani.

Kwamba kahawa hukausha maji mwilini, hilo limetiwa chumvi. Kwa kiasi cha kawaida, maji ya kinywaji chenyewe hufidia mkojo unaoongezeka.

"Kafeini haiwezi kuua." Kwa vikombe ni vigumu. Unga wa kafeini tupu ni habari nyingine: kijiko kimoja cha chai ni sawa na vikombe 28 vya kahawa, na miligramu 1,200 zikiingia haraka zinaweza kuleta degedege. Moyo ukianza kwenda mbio kupita kawaida, kimbilia hospitali.

"Nikiikosa kichwa kinauma, basi mwili unaihitaji." Mwili umeizoea tu. Maumivu hayo huanza saa 12 hadi 24 baada ya kuacha ghafla, na huisha ndani ya siku chache. Ukipunguza kidogo kidogo, huenda usiyasikie kabisa.