Torati Mezani na Kitandani: Malezi katika Nyumba ya Kiyahudi

Mzazi wa Kiyahudi anayejiuliza amfundishe mwanawe Torati saa ngapi, jibu limo katika Torati yenyewe. Kumbukumbu la Torati 6:7 inamwagiza ayanene maneno haya "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Nyakati nne, na hakuna hata moja ya darasani.

Ndiyo maana mafunzo huanza kabla mtoto hajatoka kitandani. Akifumbua macho husema Mode Ani, sala fupi ya kumshukuru Mungu kwa kumrudishia roho yake. Haina jina la Mungu ndani yake, hivyo husemwa hata kabla ya kunawa. Kisha maji humiminwa kwa kikombe, mkono wa kulia, wa kushoto, mara tatu kila mmoja kwa zamu. Mtoto wa miaka mitatu hataelewa maana yote ya shukrani, lakini kikombe anakijua, na kesho atakidai.

Wazazi wengi hukosea wanapotaka kulieleza fungu zima la juma. Torati imegawanywa mafungu 54 ya kusomwa sinagogi mwaka mzima, na kila fungu lina mengi. Chukua jambo moja tu. Juma la kusoma Mwanzo 18, ambapo Ibrahimu anakimbia kuwalaki wageni watatu jua likiwa kali, mwachie mtoto ampelekee mgeni maji. Usimhubirie. Akiuliza kwa nini leo ni yeye, hapo ndipo umsimulie.

Kuna funzo jingine ambalo mimi naliona zito kuliko yote, nalo linamhusu mzazi. Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, Rabi Zeira anaonya kwamba mtu asimwambie mtoto "nitakupa kitu" halafu asimpe, kwa sababu atakuwa amemfundisha uongo. Fikiria ni mara ngapi tunamnyamazisha mtoto kwa ahadi ya peremende au ya matembezi ya jioni, kisha tunasahau. Mtoto hasahau. Kama huna uhakika, usiahidi.

Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, mambo hukusanyika. Kabla ya mishumaa kuwashwa, ambayo kwa desturi ya wengi huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, nyumba nyingi humpa mtoto sarafu aitumbukize katika kisanduku cha sedaka. Neno hilo ni ndugu wa "sadaka" yetu, ila katika Kiebrania limetokana na haki: maskini anapewa kilicho stahili yake. Mezani kuna mikate miwili, ukumbusho wa mana, chakula cha Waisraeli jangwani, iliyookotwa maradufu siku ya sita.

Kisha mzazi humwekea kila mtoto mikono kichwani. Binti huombewa awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Mwana huombewa awe kama Efraimu na Manase, wana wa Yusufu na wajukuu wa Yakobo, na watu huuliza kwa nini wasiwe Ibrahimu na Isaka. Yakobo mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, Mwanzo 48:20. Wafafanuzi huongeza kuwa Efraimu, aliye mdogo, alitangulizwa mbele ya mkubwa, na hatusomi popote kwamba waligombana. Wengine hukumbusha kuwa wawili hawa walizaliwa Misri, ugenini, wakabaki wana wa Israeli. Maelezo haya ya pili yana uzito kwa familia zinazolea watoto mbali na jumuiya kubwa, wakiwemo Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa karibu na Mbale, Uganda, ambao imani yao ilianza na kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu mnamo 1919.

Juma likiwa gumu na baraka hiyo ndiyo pekee mliyoweza, ifanyeni bila haraka. Taja jina la mtoto, mnong'oneze jambo moja jema uliloliona kwake tangu Jumapili, ndipo uende kwa anayefuata.