Neno "shusha" na simu iliyo mkononi

Msichana mmoja wa hapa mjini aliniambia kuwa mara nyingi hushukia kituo cha mwisho, ijapokuwa kwao ni vituo viwili nyuma. Gari ikikaribia kwao moyo humwenda mbio, koo humkauka, na neno moja tu, "shusha", halitoki. Akitokea abiria mwengine wa kushuka hapo, naye huteremka nyuma yake. Asipotokea, hupitilizwa, kisha hurudi kwa miguu juani na mkoba wake wa vitabu. Hayo yamemwandama tangu yuko skuli, na kwao hakuna aliyejua. Walijua tu kwamba mtoto wao ana haya.

Kazi yangu ni kubuni programu za simu, na kwa sasa nashughulikia za kuwasaidia watu wenye hofu ya watu. Neno haya nalikwepa kwa makusudi. Haya kwetu ni pambo, na sina nia ya kumvua mtu pambo lake. Lakini msichana yule hakuwa akijisitiri. Alitaka kushuka kwao, basi.

Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza namna hofu hii inavyojilisha yenyewe. Mtu akiwa mbele za watu, macho yake ya ndani humgeukia mwenyewe: anasikiliza sauti yake inavyotetemeka, anahisi uso unavyopata moto, na anaamini kila mtu anayaona hayo kama anavyoyahisi yeye. Ili asiadhirike, hujikinga. Hukaa pembeni, huinamisha kichwa, hupanga maneno kumi kabla ya kutamka moja. Siku ikipita salama, shukrani zote huziendea zile kinga. Hapati kujua kwamba hata bila ya kujikinga lisingemfika jambo.

Na kinga nyepesi kuliko zote siku hizi ni simu. Pita Mji Mkongwe baada ya alasiri, watu wamejaa barazani, utamuona kijana anakatiza na simu sikioni, na upande wa pili hakuna mtu. Salamu imempita kwa sababu "anaongea". Basi mimi nikitengeneza programu nzuri, yenye maneno ya kutuliza, akawa anaifungua ndani ya gari kila akishikwa na hofu, nitakuwa nimemuongezea kinga nyengine, tena ya rangi za kupendeza. Hili ndilo linalonikosesha usingizi katika kazi hii. Programu yetu inafanya kazi kabla na baada. Wakati wa tendo lenyewe inajizima, na simu inaingia mkobani.

Kabla ya tendo ni mazoezi. Tulirekodi mngurumo wa gari, honi, redio ya dereva na watu wanavyozungumza. Mtumiaji anavaa spika za masikioni, kelele zinaanza, na kituo kinakaribia. Anatakiwa aseme "shusha" kwa sauti ya kushinda injini. Mwanzo tulimfanya utingo wa kwenye simu asikie kila mara, na watu walifaulu chumbani, kisha wakashindwa barabarani. Sababu tuliipata kwao wenyewe: utingo wa kweli mara nyengine hasikii, na kulirudia neno, gari zima likigeuka kukutazama, ndiko kunakotisha. Sasa utingo wetu mara moja moja hasikii. Unarudia. Ikibidi, unagonga bodi.

Kuna jengine tulilikosea, nalo lilituumiza. Toleo la kwanza lilimrekodi mtu na kumrudishia sauti yake papo hapo. Wengi waliifuta programu siku ile ile. Picha na sauti ya mtu mwenyewe vinaweza kuwa dawa katika tiba ya hofu hii, lakini vina utaratibu wake. Kwanza mtu aseme anatarajia kusikia nini: sauti itatetemeka kiasi gani, kigugumizi mara ngapi. Kisha asikilize kana kwamba anayesema ni abiria asiyemjua. Hapo tofauti baina ya alichokihofia na kilichopo huonekana. Sisi tuliuruka utaratibu huo kwa haraka zetu. Tuliiondoa pia hesabu ya siku mfululizo, maana aliyekosa siku moja aliona aibu kurudi, na aibu ndiyo iliyomleta kwetu.

Vitu vidogo vina uzito kwa watu hawa. WhatsApp ilipoleta tiki za buluu Novemba 2014, wengi wetu tuliziona kama urahisi. Kwa mwenye hofu ya watu, tiki mbili za buluu bila jibu ni usiku mzima wa kujiuliza amekosea nini. Kwa hiyo kwetu hakuna tiki, hakuna "anaandika", hakuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Na kwa kuwa simu ya kijana huchukuliwa na mdogo wake kuchezea gemu, arifa zetu hazitaji hofu wala ugonjwa.

Orodha ya mambo ya kufanyia mazoezi huipanga mtumiaji mwenyewe, kuanzia lililo jepesi. Daktari wa Marekani, Michael Liebowitz, alitoa mwaka 1987 kipimo chenye hali 24 ambacho hutumiwa mpaka leo, na humo mna kupiga simu mbele za watu, kula hadharani, na kurudisha bidhaa dukani. La kurudisha bidhaa, hapa kwetu karibu kila mtu alilipita. Yaliyowatoa jasho ni kuisalimia baraza nzima, kupeana mikono msibani na wazee waliokaa safu, na kuitwa mbele kusoma.

Na sinia. Shughulini unakaa na watu usiowajua, pilau imewekwa kati, mkono wako unaonekana na kila mtu ukitetemeka. Hilo halifanyiwi mazoezi kwenye kioo cha simu, na sijaribu kudanganya kwamba linawezekana. Hata Uswidi, ambako timu ya Gerhard Andersson ilichapisha mwaka 2006 jaribio la tiba ya hofu hii kupitia intaneti, la wiki 9, wahusika walikutanishwa pia ana kwa ana mara mbili, wakafanye yale wanayoyaogopa mbele za watu.

Kwa hiyo kwenye sinia programu inafanya kidogo sana. Asubuhi inamuuliza anatarajia litokee nini, naye anaandika. Inamshauri aende na mtu anayemuamini, dada au binamu, shughuli ya kwanza wakae sinia moja, ya pili wakae sinia mbalimbali. Kisha inanyamaza mpaka usiku, na swali lake ni moja: ulilolihofia limetokea? Yule msichana wa "shusha" amefika hapo. Mara ya kwanza aliandika kwamba mkono ulitetemeka kweli, wali ukamwagika, na mama mmoja aliyekaa mkabala naye akamsogezea nyama upande wake.