Je, wajua kwa nini mtambo mdogo wa upepo haufungwi kwa kamba ya mtumbwi?

Kwenye mwalo wa Ggaba, Kampala, mitumbwi hufungwa kwa kamba ya plastiki ya dukani na hakuna anayeumiza kichwa. Sasa tuseme mwanafunzi wa uhandisi analeta pale mtambo wa upepo unaoelea, uliopunguzwa mara 50, mfano wa ile mitano ya Hywind Scotland inayozalisha umeme baharini tangu 2017. Akiomba kipande cha kamba kwa mvuvi, vipimo vyake vitamdanganya.

Kosa la kwanza mvuvi mwenyewe ataliona. Nyingi ya kamba hizo ni polipropilini, nayo huelea. Mitambo ya Scotland imeshikwa na minyororo ya chuma inayoning'inia kwa mpindo hadi chini. Wimbi likiusukuma mtambo, mnyororo hunyanyuka, kisha uzito wake huuvuta mtambo urudi. Kamba inayoelea itavuta kwa uzito gani?

Kosa la pili limejificha. Mtu atasema: tuchukue kitu kile kile cha kweli, ila chembamba mara 50. Hapo ndipo hesabu inapogoma. Ukipunguza vipimo mara 50, uzito na nguvu za mawimbi hupungua mara 50 × 50 × 50, yaani 125,000. Lakini kamba, ukiikata uitazame kichwani, eneo lake limepungua mara 2,500 tu. Imebaki ngumu kuvutika mara 50 kuliko inavyotakiwa. Kamba ya poliesta ya meta 100 ikirefuka meta 2 wakati wa dhoruba, ile ya mfano, yenye meta 2, ingepaswa kurefuka sentimita 4. Haitafikisha hata milimita moja! Badala ya kuyumba, mtambo utakuwa unavutwa kwa mishtuko.

Mnyororo una bahati yake. Uzito wa kila meta unatakiwa upungue mara 2,500, na ndivyo unavyopungua wenyewe. Ndiyo maana kwa kamba zilizolegea, mnyororo mwembamba kama mkufu hutosha, ingawa nao ni mgumu kupita kiasi.

Kwa kamba zilizokazwa, kama ile ya poliesta, mimi ningechukua waya mwembamba na kuufunga springi juu ya maji, mahali ambapo haitashika kutu. Mpira unashawishi, lakini jua na umri huubadilisha. Mshipi wa nailoni ni rahisi kupatikana, ila hunywa maji na ukilowa hulegea zaidi. Kwa hiyo uloweke usiku kucha, uning'inizie mawe ya mizani, upime kwa rula unavyorefuka ungali umelowa.

Fundo nalo usilidharau. Likiteleza milimita 5 tu, limekula sehemu moja ya nane ya zile sentimita 4.