Tipu ni ipi, na ada ya huduma ni ipi?

Ndugu zetu wanaofika Marekani hawakawii kulalamika wakishatoka mgahawani: "Wamenikata tipu kwa nguvu." Mwenyeji wake humjibu kwamba huko tipu ndiyo mshahara wa mhudumu, basi alipe tu. Mazungumzo haya nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara wote wawili wanataja tipu huku kila mmoja akisema habari ya kitu kingine.

Tipu, au bakshishi kama wanavyoiita wengine, ni fedha ambayo mteja anampa aliyemhudumia kwa hiari yake, mbali na bei ya chakula. Maana ni hiyo tu. Ugomvi wote umejificha kwenye hiyo hiari.

Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, iliweka vigezo vinne katika mwongozo wake wa 2012. Mteja asilazimishwe kutoa. Kiasi akipange mwenyewe. Kisiwe kimeamuliwa na utaratibu wa mwajiri au kwa mapatano. Na kwa kawaida mteja ndiye awe na haki ya kuamua nani apewe. Mwongozo wenyewe unatoa mfano wa mgahawa unaojumlisha asilimia 18 kwenye bili ya kundi la watu sita au zaidi. Hiyo ni ada ya huduma, hata mgahawa ukiipachika jina la tipu.

Tofauti hiyo inabadilisha mwenye mali, ndiyo maana naishikilia. Kwa sheria ya serikali kuu, tipu ni ya mfanyakazi, na tangu 2018 mwenye mgahawa na mameneja wake wamekatazwa waziwazi kujichukulia tipu za wafanyakazi. Ada ya huduma ni mapato ya mgahawa. Mwenye mgahawa anaweza kuwagawia wafanyakazi yote, nusu, au asiwape kitu. Akiwapa, inahesabiwa kuwa ujira wa kawaida. Zipo majimbo zenye masharti makali zaidi, lakini msingi ni huo. Kwa hiyo mteja anayelipa ile asilimia 18 akiamini amempa shukrani dada aliyembebea sahani, huenda dada yule hakupata hata senti. Hilo linaniuma kuliko ukubwa wa bili.

Sasa lile jibu la mwenyeji. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa. Tangu 1966 sheria inamruhusu mwajiri kuhesabu sehemu ya tipu kama malipo ya kima hicho, na tangu 1991 fedha anayotakiwa kutoa mfukoni mwake kwa mhudumu ni dola 2.13 tu kwa saa. Dola 5.12 zinazobaki zinajazwa na wateja. Tipu zisipofika hapo, mwajiri anatakiwa kufidia pengo. Hili la mwisho wengi hawalitaji, wanaishia kwenye 2.13 kana kwamba sheria imekoma pale. Kudai fidia hiyo nako si kazi nyepesi, maana unamdai yule yule anayekupangia zamu.

Tena si Marekani nzima. California, Washington, Oregon, Nevada, Montana, Minnesota na Alaska hazimruhusu mwajiri kufanya hesabu hiyo. Huko mhudumu analipwa kima kamili cha jimbo na tipu inakuja juu yake. Anayemwambia mgeni wa Los Angeles kwamba mhudumu wake analipwa dola mbili anampotosha.

Basi wewe uliyekatwa asilimia 18, ulichotozwa ni ada. Muulize mhudumu kwa upole kama inamfikia, kisha uamue kama utaongeza chochote. Na wewe uliyemjibu, ungemwambia hivi: mshahara wa mhudumu ni deni la mwajiri, na katika majimbo mengi sheria inamruhusu kulipa sehemu yake kwa fedha ambayo mteja alidhani anampa mhudumu kama ziada.