Rap ya Chumbani: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kurekodi na Kumiksi Nyumbani, Mbeya hadi Iringa

Katika mitaa ya Mwanjelwa na Soweto jijini Mbeya, na vivyo hivyo Kihesa mjini Iringa, studio ya rap siku hizi ni chumba cha kulala chenye kompyuta mpakato, kadi ya sauti yenye matundu mawili, maiki moja na hedifoni. Vifaa hivyo vinatosha. Kinachokwamisha kazi nyingi ni imani zinazopokezanwa kati ya prodyuza mmoja na mwingine bila kupimwa, ambazo humfanya mtu atumie fedha na usiku wake kurekebisha ndani ya kompyuta jambo lililokuwa limeshaharibika kabla sauti haijapita kwenye waya. Baadhi ya imani hizo zina chembe ya ukweli, na chembe hiyo nayo inastahili kutajwa.

"Kazi ya redioni lazima ikafanyiwe Dar es Salaam"

Kulikuwa na wakati ambapo hilo lilikuwa kweli. Rapa Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, alianza kutoa kazi zake katika miaka ya 1990, wakati studio za muziki wa aina hii zilikuwa chache na hasa zilikuwa Dar es Salaam. Kadi ya sauti ya bei ya chini ya leo hurekodi kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha undani wa sauti ya kidijitali, si mdundo), na ubora huo unazidi mahitaji ya redio yoyote ya FM. Tofauti iliyobaki ni ya chumba na ya mkono wa anayefanya kazi.

"Trei za mayai zikijaa ukutani, chumba hakipitishi sauti"

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote. Inachanganya mambo mawili yasiyofanana, yaani kuzuia sauti isipite na kufyonza sauti isirudi. Kinachozuia sauti kupita ni uzito na kuzibwa kwa mianya: ukuta wa tofali za kuchoma uliopigwa lipu, mlango mzito wa mbao, na kitambaa kilichosokomezwa chini ya mlango huo hufanya kazi ambayo karatasi iliyofinyangwa haiiwezi hata ikipangwa tabaka tatu. Kinachofyonza sauti, kwa upande mwingine, ni kitu kinene chenye nyuzi zinazopitisha hewa, kwa sababu nguvu ya wimbi hupotea pale hewa inapojipenyeza na kusuguana na nyuzi hizo. Trei ni nyembamba, kwa hiyo hupunguza kidogo masafa ya juu, yaani sauti kali, na kuyaacha ya kati na ya chini yakizunguka chumbani kama zamani. Sauti hutoka imefifia juu huku mwangwi wa chumba kitupu ukiwa palepale, na isitoshe kuta zimevikwa karatasi kavu inayoshika moto haraka karibu na soketi za umeme.

Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini wana mali wasiyoihesabu, kwani baridi ya Juni na Julai imejaza nyumba zetu mablanketi mazito. Blanketi lililokunjwa mara mbili na kuning'inizwa mbali kidogo na ukuta, kiasi cha sentimita kumi hivi, hufyonza zaidi kuliko likigandamizwa ukutani. Mahali pa kulitundika napo pana umuhimu wake. Wengi huliweka nyuma ya maiki, ilhali maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, yaani upande aliposimama msanii na ukuta ulio mgongoni kwake. Blanketi la kwanza, au godoro lililosimamishwa, liwe nyuma ya msanii.

Bati ni habari nyingine. Hakuna blanketi litakaloshinda mvua ya Tukuyu juu ya paa lisilo na dari, na dhana kwamba geti ya kuondoa kelele itaisafisha mvua hiyo baadaye haina msingi. Geti hunyamazisha nafasi zilizo kati ya mistari tu. Msanii anapofungua kinywa, nayo hufunguka, mvua huingia pamoja naye, kisha kompresa, kifaa kinachosawazisha sauti kubwa na ndogo, huipandisha juu. Mvua ikinyesha, kaeni mwandike. Mngurumo wa malori yanayoelekea Tunduma, unaowasumbua walio karibu na barabara ya TANZAM pale Uyole au Ipogolo, hauna ukaidi huo, kwa kuwa sehemu yake kubwa iko chini kabisa na kichujio kinachokata chini ya hezi 80 huuondoa kwa kiasi kikubwa bila kugusa sauti ya mtu.

"Maiki ya kondensa ndiyo ya kitaalamu, dainamiki ni ya kanisani na mikutanoni"

Kondensa, maiki inayohitaji umeme kutoka kwenye kadi, hunasa masafa ya juu kwa undani zaidi kuliko dainamiki, na katika chumba kilichotulia hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo maiki za dainamiki zimerekodi rap nyingi sana duniani, na Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966, bado inatumika mpaka leo. Wapo wanaokwenda upande wa pili wakidai kwamba dainamiki haisikii chumba. Nayo si sahihi: maiki mbili zenye mwelekeo uleule, zikiwekwa umbali uleule, husikia chumba kwa uwiano unaokaribiana. Kinachoisaidia dainamiki ni kwamba watu huisogelea mdomo, na ule wepesi wa kondensa wa kunasa masafa ya juu haupo wa kuyapamba makelele ya jirani. Anayenunua dainamiki ahakikishe kadi yake ina nguvu ya kutosha ya kupandisha sauti, maana baadhi ya maiki hizo hudai desibeli 60 hivi. Anayenunua kondensa ahakikishe kadi inatoa volti 48.

"Ishike kichwani, kama jukwaani"

Kiganja kinapofunika kichwa cha maiki huziba matundu ya nyuma, na matundu hayo ndiyo yanayoifanya maiki isikilize mbele na kupuuza nyuma. Yakizibwa, sauti huwa nzito ya puani, na chumba kizima huingia. Maiki ikae kwenye stendi, na msanii asimame umbali wa shubiri moja. Akisogea zaidi besi ya sauti yake itaongezeka, akirudi nyuma itapungua, kwa hiyo anayecheza mbele na nyuma katika beti moja hukabidhi mtu wa kumiksi sauti tatu tofauti. Herufi "p" na "b" hutoa pumzi inayogonga maiki. Soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya wa henga huivunja pumzi hiyo vizuri tu, na kugeuza maiki pembeni kidogo husaidia pia.

"Rekodi mpaka taa iguse nyekundu, ndipo sauti ijae"

Ushauri huu ulikuwa na maana zama za kanda, ambapo sauti ndogo ilizama katika mvumo wa kanda yenyewe. Katika biti 24 hakuna sababu hiyo. Vilele vikifika kati ya desibeli -12 na -6, yaani chini ya sifuri ambayo ndiyo kikomo, sauti iko salama na ina nafasi ya msanii kupaza anapofika kwenye kiitikio, jambo ambalo hulifanya daima baada ya kukuhakikishia kwamba hatapaza. Wimbi lililokatwa kichwa kwa kugonga sifuri halirudi katika hali yake ya kwanza.

"Kudabo ni kunakili na kubandika"

Kudabo ni kuongeza sauti ya pili juu ya sauti kuu ili izidi uzito, na hapa ndipo rap nyingi za nyumbani huupoteza. Nakala ya sauti ikiwekwa juu ya asili yake bila tofauti yoyote huongeza desibeli 6 tu. Ni sawa na kupandisha fada, kile kitelezi cha kuongeza sauti. Ukiipeleka moja kushoto na nyingine kulia bado utaisikia katikati, kwa kuwa masikio yote mawili yanapokea kitu kilekile. Wajanja huisogeza nakala mbele kwa milisekunde 20 hivi, na kwenye hedifoni hupata upana unaopendeza. Wimbo huohuo ukipigwa kwenye simu au kwenye spika moja ya baa, pande mbili huungana, baadhi ya masafa huuana, na sauti ya msanii hugeuka kuwa ya ndani ya bomba.

Dabo ya kweli hurekodiwa upya. Wala si lazima mstari mzima urudiwe. Tuchukue mstari huu: "Nimeshuka Kabwe na begi, sina nauli ya kurudi." Dabo ibebe "begi" na "ya kurudi" pekee, ikiwa chini ya sauti kuu kwa desibeli 8 au 10. Ukiurudia mstari wote, ile "sh" ya "nimeshuka" itasikika mara mbili iwapo rekodi hizo zimepishana hata kidogo, na sikio hulikamata kosa hilo upesi. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, hivyo mwisho wa kila kina msanii huweza kuvuta "i" au "a" kwa urefu tofauti kila anaporudia. Katika dabo, kata mkia huo mfupi kuliko wa sauti kuu, na uiachie sauti kuu imalizie. Msanii anayeelewa kazi hii hulegeza "s", "ch" na "t" kwa makusudi anaporekodi dabo, na kumpunguzia mtu wa kumiksi nusu ya kazi.

"Huyu msanii hana sikio, anapishana na biti"

Kabla ya kumhukumu, angalia bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata. Ikiwa imewekwa sampuli 1024 katika kiwango cha 44,100 kwa sekunde, kila mzunguko wa bafa huchukua milisekunde 23, na sauti hulazimika kuingia na kutoka, kwa hiyo msanii hujisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa kwa milisekunde 46 au zaidi. Hakuna mwenye flo awezaye kukaa sawa hapo. Shusha bafa mpaka 128 wakati wa kurekodi, au tumia kitufe cha kadi kinachompa msanii sauti yake moja kwa moja. Wakati wa kumiksi ipandishe tena ili kompyuta ipumue. Muungurumo wa hezi 50 nao mara nyingi hubebeshwa maiki bure: chomoa chaja ya kompyuta, rekodi kwa betri, usikilize kama umetoweka.

"Biti ya YouTube inatosha, nitaimiksi"

Biti iliyopakuliwa hivyo imekwisha kubanwa, na ni faili moja lisilogawanyika: huwezi kushusha sinea, ile ngoma kali ya mdundo, peke yake ili sauti ipite. Unachoweza ni kupunguza desibeli mbili au tatu za biti kati ya hezi 2,000 na 4,000, mahali ambapo maneno hueleweka. Pia neno la Kiingereza "free" kwenye kichwa cha video kwa kawaida halimaanishi ruhusa ya kuuza wimbo, na hakimiliki ya biti hiyo hubaki kwa aliyeitengeneza.

"Besi haisikiki vizuri, ongeza"

Chumba chenye upana wa mita tatu kina tabia yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kuta mbili zenye umbali huo wimbi la karibu hezi 57 hujirudia na kujijenga: kando ya ukuta huvimba, katikati ya chumba hupotea. Hezi 57 ni jirani wa noti ya A ya chini yenye hezi 55, na huko ndiko besi nyingi za rap ya sasa zinakoishi. Prodyuza aliyeweka meza katikati ya chumba husikia besi hafifu, huongeza, huongeza tena, kisha wimbo ukiingia kwenye bajaji yenye sabufa ya Kichina hakuna anayesikia neno. Jirani yake aliyeegemeza kiti ukutani hufanya kinyume, na wimbo wake hutoka mkavu. Blanketi halifiki huko, kwani wimbi hilo lina urefu wa mita sita. Sogeza kiti kiwe karibu theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, uthibitishe besi kwa hedifoni, halafu usikilize kwenye simu. Spika ya simu haitoi hezi 57 hata kidogo. Ili besi isikike humo lazima iongezewe ukwaruzo kidogo unaozaa masafa ya juu yake, na kuipandisha sauti hakusaidii kitu.

"Auto-Tune itaficha, na masta itamalizia"

Auto-Tune ilitolewa na kampuni ya Antares mwaka 1997, na mvumbuzi wake, Andy Hildebrand, alikuwa ametokea katika utafutaji wa mafuta kwa mawimbi ya ardhini. Husahihisha kimo cha noti, tena ikiwa tu umeipa ufunguo sahihi wa wimbo. Pumzi iliyokatika na mstari uliochelewa hubaki vilevile.

Masta, yaani hatua ya mwisho baada ya kumiksi, nayo hupokea faili moja lenye kila kitu. Kama sauti imezama chini ya biti, vitazama pamoja. Wengi huiomba kwa sababu moja tu, nayo ni wimbo upige juu kuliko wa wenzao. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo kuwa karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), na YouTube huzishusha zilizozidi. Wimbo uliobanwa mpaka LUFS -8 hushushwa desibeli 6 kabla haujamfikia msikilizaji wa Makambako au wa Mafinga, na anachopokea ni sauti ileile ya wengine, isipokuwa kiki yake, ile ngoma nzito ya chini, imepondwa.