Maana ya kipimo cha kiwango cha vitamini kwenye damu

Kipimo hiki ni uchunguzi wa maabara unaoonyesha kiasi cha vitamini fulani kilichokuwa kwenye damu yako siku ulipotoa sampuli. Lizingatie hilo neno "fulani", kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachosoma vitamini zote. Daktari akiandika B12, maabara itatafuta B12 tu.

Damu huchotwa kwenye mshipa wa mkono, kisha chupa huzungushwa kwa kasi mashineni mpaka chembe nyekundu zitulie chini na maji ya manjano yabaki juu. Kwa kawaida hayo maji ndiyo yanayopimwa. Sampuli ya vitamini A hufunikwa isipigwe na mwanga, maana mwanga huiharibu na jibu likatoka dogo kuliko hali halisi.

Vitamini D ndiyo inayochanganya wengi. Mwilini ina sura kadhaa. Ile iliyo tayari kufanya kazi hukaa kwenye damu saa chache tu, na huweza kuonekana ya kawaida, hata kupanda, wakati akiba inaisha, kwa kuwa mwili hukazana kuitengeneza kutokana na kile kidogo kilichobaki. Ndiyo maana hupimwa ile iliyokwisha kupita kwenye ini, inayoandikwa 25(OH)D, ambayo hudumu wiki 2 hadi 3. Wataalamu wengi huhesabu chini ya nanogramu 20 kwa mililita kuwa upungufu. Maabara nyingine huandika kwa nanomoli kwa lita, na hapo 20 ile ile husomeka 50. Asiyetazama kizio kilichotumika anaweza kudhani amepata nafuu kubwa kumbe hakuna kilichobadilika.

B12 nayo ina eneo lake la mashaka. Chini ya pikogramu 200 kwa mililita kwa kawaida huitwa upungufu, lakini kati ya 200 na 300 namba peke yake haitoshi. Hapo huongezwa kipimo cha asidi ya methilimaloniki, ambayo hurundikana seli zikikosa B12. Mtu mwenye ganzi miguuni asirudishwe nyumbani kwa sababu tu karatasi imesema "kawaida", kwani neva zikikaa muda mrefu bila vitamini hii huenda zisipone kabisa.

Kuhusu vitamini A, ini huweka akiba kubwa na kuitoa kidogo kidogo, hivyo kiwango chake kwenye damu hushuka tu akiba ikiwa karibu kwisha. Maambukizi pia huishusha kwa muda, hata kwa mwenye akiba ya kutosha.

Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha, mwambie daktari kabla ya kupimwa. Vingi vina bayotini (aina ya vitamini B) nyingi, na bayotini huvuruga baadhi ya mashine, hata kiwango cha vitamini D au B12 kikaonekana kikubwa kuliko kilivyo.