Mvua, Jua na Zabibu za Dodoma: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba bila baridi ya Ulaya hakuna mvinyo. Ni kweli mzabibu wa Ulaya hupukutisha majani wakati wa baridi na kuchipua joto linaporudi. Dodoma, nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta, mapumziko hayo hayapo. Mkulima ndiye anayeuamsha mmea kwa mkasi: akipogoa, macho ya matawi yanachipua, na baada ya miezi minne au zaidi kidogo vishada vimeiva. Ndiyo maana mashamba ya Hombolo, Mpunguzi na Makutupora yanaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka.

Ya pili ndiyo inayowaumiza wakulima: "Mvua zikinyesha vizuri, zabibu zitakuwa nzuri." Kwa mahindi na mtama, sawa. Kwa zabibu, hapana. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mavuno ya Februari na Machi huiva humo humo kwenye maji. Punje zinavimba, sukari inapungua makali, ganda linapasuka. Ukishika kishada cha wakati huo unaona punje zilivyobanana. Maji yanatuama katikati, upepo haufiki. Punje moja ikipasuka, uozo unahamia kwa jirani yake huku nje kishada kikionekana kizima. Majani nayo yanashambuliwa na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu unaopenda majani yaliyolowa. Mkulima anapiga dawa asubuhi, mvua ya jioni inaiosha, na gharama inaanza upya.

Zabibu za Agosti na Septemba ni habari nyingine. Zimekua chini ya jua la wazi, upepo mkavu na usiku wa baridi wa Juni na Julai. Joto la mchana linapandisha sukari, ubaridi wa usiku unasaidia kuhifadhi uchachu ambao mvinyo unauhitaji. Kwangu mimi, huu ndio msimu wa kuupangia shamba. Ule wa mvua uwe nyongeza.

Wengine husema kiangazi hakina magonjwa. Si kweli: ubwiri unga, ukungu mwingine wa mzabibu, hauhitaji jani lililolowa, kwa hiyo salfa, dawa ya kuukinga, haiwekwi kando.

Na ile ya kwamba mzabibu ni mti wa ukame, hauhitaji maji? Mizizi yake huenda chini sana, na mzabibu mkubwa hustahimili kiu. Lakini kustahimili si kuzaa. Zabibu za Agosti hutoa maua na kufunga punje wakati mvua imeshakatika, na punje changa zikikosa maji hubaki ndogo au hudondoka. Umwagiliaji wa matone huokoa hapo, kisha maji hupunguzwa mavuno yakikaribia ili sukari isizimuliwe. Anayetafuta shamba la zabibu Dodoma aulizie kisima kwanza, bei ya miche baadaye.